Kutunza akili ya mzazi aliyevuka miaka 60: mwongozo kwa familia za Dar es Salaam

Maswali ni yale yale. Mama hakupita darasa la nne, je, atasahau mapema kuliko wenzake? Baba alikuwa mhasibu miaka yote, mbona sasa anauliza jambo moja mara tatu? Pale famasi kuna kidonge gani cha kumbukumbu? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: amefikisha 72, bado kuna la kufanya au ndiyo tumwachie Mungu?

Nafanya kazi na wazee wa Temeke pamoja na watoto wao, na maswali haya hayaishi. Nimeyajibu hapa kwa mpangilio ambao unaweza kuufuata nyumbani kwako, uwe Mbagala, Kigogo au Goba. Ninazungumza na wewe mtoto, mkwe au mjukuu unayeishi na mzee. Kama mzee ni wewe mwenyewe unayesoma, shikamoo. Hatua ni hizi hizi.

Nadharia ni kidogo tu. Miaka ya shule utotoni na ujanani huujengea ubongo akiba. Waliosoma zaidi kwa kawaida huingia uzeeni wakiwa juu katika vipimo vya kumbukumbu na kufikiri, na ugonjwa wa kusahau, yaani dimensia, huchelewa kujionyesha kwao, kama vile mwenye akiba nene benki anavyochelewa kufilisika mapato yakikatika. Lakini uzee ukishaanza, kasi ya kushuka haitofautiani sana kati ya aliyesoma na asiyesoma. Na akiba hiyo haiwekwi na shule peke yake. Kazi inayotaka kufikiri huiongeza, watu huiongeza, mazoezi ya mwili na mishipa mizima ya damu huilinda. Kamisheni ya jarida la tiba la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ikakadiria kwamba yote yakishughulikiwa karibu 45% ya dimensia duniani ingezuiwa au kucheleweshwa. Elimu ndogo ni moja kati ya hayo 14. Mengine 13 yako mezani kwako leo, mzee awe alisoma au hakusoma.

Ufini waliwafuatilia watu 1,260 wa umri wa miaka 60 hadi 77 waliokuwa hatarini. Kwa miaka 2 nusu yao walipewa mpango wa pamoja wa lishe, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na kufuatilia presha na sukari. Matokeo yalitoka 2015: waliofuata mpango walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili kuliko waliopewa ushauri wa kawaida, na faida hiyo haikuwabagua wenye elimu ndogo. Mwongozo huu unafuata njia hiyo hiyo, kwa mazingira yetu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari moja la mzee, ambalo halitumiki kwa kazi nyingine yoyote.
- Mashine ya presha ya mkanda unaofungwa juu ya kiwiko. Za kufunga kwenye kifundo cha mkono zinakosea kwa urahisi. Kama fedha haitoshi, tumia kituo cha afya kilicho karibu, siku maalumu kila wiki.
- Mfuko wenye dawa zote anazotumia, pamoja na za mitishamba na zile alizopewa na jirani.
- Viatu vya kufunga vyenye soli isiyoteleza. Kandambili zimewaangusha wazee wengi.
- Kitambulisho chake. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na hospitali za serikali zina dirisha la wazee. Kama hana uwezo wa kulipia matibabu, anzia serikali ya mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii.
- Mtu mmoja wa kusimamia. Ndugu watano wakisema "tutasaidiana", hakuna anayejua dawa ziliisha lini.
- Ridhaa ya mzee mwenyewe. Bila hiyo usiende hatua ya kwanza.

Hatua ya 1. Jua anapoanzia

Usianze na mtihani. Kaa naye mchana mmoja akiwa kwenye shughuli zake, anachagua mchele au anachambua matembele, na umsikilize. Mwombe mwende pamoja dukani badala ya kumtuma au kumwacha. Angalia anavyohesabu chenji, anavyovuka barabara, kama anakumbuka alichofuata. Mkirudi, andika kwenye daftari anachofanya mwenyewe bila msaada: kupika, kuoga, kumeza dawa kwa wakati, kupokea hela ya simu, kwenda msikitini au kanisani na kurudi, kukumbuka nani anadaiwa kwenye kikoba. Weka tarehe juu. Ukurasa huo utaulinganisha na mwingine baada ya miezi 3, na daktari utamfaa kuliko kumwambia "siku hizi anasahausahau".

Onyo: usichanganye kutosoma na kusahau. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa kwa ajili ya watu waliokaa darasani. Chora saa. Andika sentensi. Anza na 100, toa saba, toa tena saba. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu atafeli hapo akili yake ikiwa nzima kabisa. Watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, walilizingatia hilo wakatengeneza kipimo kinachoitwa IDEA, ambacho badala ya kuchora, mzee anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo analoonyeshwa, na badala ya kuandika, anakumbuka maneno aliyosomewa kwa sauti. Kwa hiyo mkienda hospitali, mwambie mpimaji mapema mzee alisoma hadi wapi na lugha gani ameikulia. Mama aliyeishi maisha yake yote kwa Kimakonde asipimwe kana kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya ndoto zake.

Kuna na kinyume chake. Aliyesoma sana anaweza kupata alama nzuri kwenye kipimo huku ameshaanza kushuka, kwa sababu alianzia juu. Huyo mpime kwa jana yake mwenyewe. Mhasibu mstaafu akianza kukwama kwenye hesabu za duka la nyumbani, usitulizwe na karatasi inayosema "kawaida".

Hatua ya 2. Fungua masikio na macho

Watu huiruka hatua hii, nami ningependa uipe uzito wa kwanza. Katika yale mambo 14, kutosikia vizuri ni miongoni mwa mazito kuliko yote. Mzee asiyesikia huacha kuuliza, kisha huacha kujibu, kisha watu huacha kumsemesha. Nyumba nzima inasema amesahau, kumbe hakusikia.

Zima televisheni, simama nyuma yake hatua mbili tatu, mwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, rudia siku nyingine. Ikiwa ni vile vile, mpeleke akaangaliwe masikio. Mara nyingine tatizo ni nta iliyoganda na inatolewa siku hiyo hiyo. Usimchokonoe kwa pamba za vijiti wala kwa njiti, utaisukuma ndani zaidi. Akiambiwa anahitaji kifaa cha kusaidia kusikia, familia ichangie kama inavyochangia harusi. Utafiti mkubwa uliotoka Marekani mwaka 2023 ulionyesha kwamba kwa wazee waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi, vifaa hivyo vilipunguza kasi ya kushuka kwa akili kwa 48% ndani ya miaka 3.

Macho nayo: mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji na mzee akarudi kusoma au kushona. Miwani ya kusomea ya kununua mtaani inaweza kumsaidia kwa muda, ila haitagundua presha ya jicho. Apimwe kwanza.

Hatua ya 3. Shika presha na sukari

Presha ya juu isiyotibiwa huharibu mishipa midogo ya ubongo taratibu, bila maumivu, kwa miaka. Ndiyo maana usisubiri aseme kichwa kinauma. Pima hivi:

1. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara ndani ya dakika 30 zilizopita. Aende chooni kwanza.
2. Akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu imekanyaga chini, haikupishana. Apumzike dakika 5.
3. Mkono uwe wazi, usifunge mkanda juu ya nguo. Uweke juu ya meza, usawa wa moyo.
4. Asiongee, nawe usimwongeleshe. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, maana wajukuu watapita na kila mmoja ana salamu yake.
5. Pima mara 2, ukiacha dakika 1 katikati. Andika namba zote mbili na saa.

Fanya asubuhi na jioni kwa wiki moja. Namba zikikaa 140/90 au zaidi mara kwa mara, mpeleke kituo cha afya na daftari mkononi. Kiwango cha kushusha hadi wapi aamue daktari, kwa sababu mzee anayepata kizunguzungu akisimama anaweza kuanguka presha ikishushwa kupita kiasi. Sukari ipimwe hospitali, na lehemu (kolesteroli) pia pale inapowezekana.

Onyo: kosa kubwa ninaloliona ni kuacha dawa kwa sababu "presha imekaa sawa". Imekaa sawa kwa sababu ya dawa. Lingine ni kugawana vidonge: baba amekosa vyake, anapewa vya mama. Kila mmoja ana dozi yake.

Na wewe msomaji wa miaka 40 na kitu, funga mkanda huo mkononi mwako pia. Presha ya umri wako ndiyo inayoamua mengi kuhusu ubongo wako wa miaka 75.

Hatua ya 4. Mwaga mfuko wa dawa mezani

Mwaga zote, soma majina, andika. Kisha peleka orodha kwa daktari au mfamasia na uulize swali moja: ipi kati ya hizi inamchanganya akili? Dawa kama Piriton, ambayo wengi wetu tunaimeza kwa mafua na wengine kama ya kulala, kwa mzee inaweza kuleta usahaulifu na kuchanganyikiwa. Vivyo hivyo dawa za usingizi kama diazepamu, ambazo pia zinaangusha. Usizikatishe ghafla mwenyewe, hasa za usingizi. Aliyeziandika ndiye azipunguze.

Vidonge vya "kuongeza kumbukumbu" vinavyouzwa kwa bei ya kutisha acha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba vitamini B, vitamini E na mafuta ya samaki ya vidonge havipendekezwi kwa ajili ya kuzuia dimensia. Kama kipimo kimeonyesha amepungukiwa na kitu fulani, mfano vitamini B12, hilo ni jambo jingine na linatibiwa.

Hatua ya 5. Mtembeze

Lengo ni dakika 150 za kutembea kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5, pamoja na mazoezi mepesi ya nguvu na ya kujimudu asianguke. Asiyetembea kabisa aanze na dakika 10 na aongeze kidogo kila wiki.

Saa kumi na mbili unusu asubuhi ndiyo yenyewe. Ikifika saa nne jua la Dar es Salaam halina huruma, na joto likimkausha maji mzee anachanganyikiwa. Chagua njia yenye kivuli isiyo na bodaboda nyingi: uwanja wa shule, uwanja wa mpira wa mtaa, njia pana za waenda kwa miguu pembeni ya barabara ya mwendokasi, Jumapili moja moja ufukwe wa Coco wakati maji yametoka. Mwendo uwe wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Nyumbani, aketi kwenye kiti na kusimama bila kushika mara 8 hadi 10, kisha asimame kwa mguu mmoja huku ameshika ukuta. Klabu nyingi za jogging za mtaani zina watu wazima wanaotembea tu nyuma ya vijana. Ulizia, mzee atapata mazoezi na watu kwa mkupuo mmoja.

Akihisi maumivu ya kifua au pumzi kukata, asimame na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 6. Mrudishie watu

Hapa nitasema bila kuzunguka. Madhara makubwa ninayoyaona mjini kwetu yanatokana na mapenzi. Mtoto amejenga Mbezi au Goba, nyumba nzuri, geti jeusi. Anamtoa mama kijijini "aje apumzike". Kule mama alikuwa na shamba, kuku, kikundi cha kanisa, mashoga wa miaka 40, msiba wa kwenda kupika na ugomvi wa mpaka wa kuutatua. Hapa ana kochi, televisheni na dada wa kazi ambaye hawaelewani lafudhi. Watoto wanaondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni na kurudi saa mbili usiku. Baada ya miezi michache anauliza leo ni siku gani, na familia inasema uzee umeingia. Siku zake zote zinafanana, angejuaje?

Fanya haya:

Mtambulishe kwa majirani wewe mwenyewe, mlango kwa mlango, wiki ya kwanza. Aandikishwe kwa mjumbe. Ulizia jumuiya yake ya kanisa au darsa la wanawake msikitini, na umpeleke mara mbili tatu za mwanzo mpaka azoee njia. Mtafutie wa lugha yake. Dar es Salaam hakuna kabila lisilo na chama chake cha kufa na kuzikana. Mwanamume mtafutie kijiwe cha kahawa. Zile saa mbili za kahawa chungu, kashata na ubishi wa Simba na Yanga zinamtaka akumbuke majina, afuate hoja na ajibu kwa haraka, na hilo televisheni haimfanyii.

Mpe kazi inayohesabika. Si ya kumchosha, ila ya kweli: yeye ndiye anayepokea maziwa na kuandika deni, ndiye anayetunza bustani ya mchicha, ndiye anayewasimulia watoto hadithi saa moja usiku. Wakwe wengi huona ni heshima kumwambia mama "kaa tu, usiguse kitu". Mama akitaka kukuna nazi, mpe mbuzi na nazi.

Akiomba kurudi kijijini, msikilize kwa uzito. Kwa wengine hiyo ndiyo tiba.

Hatua ya 7. Mpe kitu kipya cha kujifunza

Jambo analolijua tayari humfurahisha, lakini linaloukaza ubongo ni lile gumu kidogo. Chagua moja, lifanywe nusu saa, siku 4 au 5 kwa wiki, muda ule ule.

Kusoma na kuandika, kwa asiyejua. Usidhani ni aibu kwake. Kizazi hiki ndicho kilichosikia Mwalimu Nyerere akitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kikapita kwenye kisomo chenye manufaa, kikasikiliza kampeni ya Mtu ni Afya redioni mwaka 1973. Wengi wa waliokosa shule kabla ya elimu ya msingi kwa wote kuanza 1977 walijua kusoma ukubwani, wakasahau kwa kukosa cha kusoma. Anza na jina lake. Siku ya pili majina ya wajukuu, kwa sababu hayo ana hamu nayo. Wiki ya pili majina ya vitu vya jikoni, mmoja mmoja kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kitu chenyewe: SUKARI, CHUMVI, UNGA. Kisha soma naye ujumbe mfupi wa simu. Herufi kubwa, kalamu nene, mwanga wa mchana. Akitaka darasa, ulizia kwa afisa elimu wa kata.

Simu, kwa anayejua kusoma. Mfundishe kutuma hela mwenyewe, hatua moja kwa siku, na yeye ndiye abonyeze. Ukimpokonya simu "nikufanyie haraka", somo limekwisha. Sheria mbili aziimbe kabla hajagusa kitu: namba ya siri hapewi mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa wa kampuni ya simu, na ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" haujibiwi, unaonyeshwa kwa mtoto wa nyumbani.

Bao, kwa yeyote. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji anahesabu kichwani kete zitaishia wapi kabla hajashika. Mfundishe kwanza namua, pale kila mmoja ana kete 22 mkononi na anaingiza moja moja ubaoni. Akizoea kula kete za mwenzake na kutakata, yaani kusambaza kete bila kula, ndipo aende mtaji, hatua ya pili ambapo kete zote zimeshaingia ubaoni. Kama yeye ndiye bingwa wa mtaa, basi bao si jipya kwake, mgeuze mwalimu. Amfundishe mjukuu kwa maneno, kwa nini ameacha shimo lile na kuchukua hili. Kueleza ni kazi nzito kuliko kucheza.

Kukariri kaswida au wimbo mpya wa kwaya, kushona kwa mtindo ambao hajawahi, kujifunza lugha ya jirani, vyote vinafaa. Michezo ya simu inayouzwa kama "mazoezi ya ubongo" humfanya mtu awe hodari wa mchezo ule ule. Kama anaipenda acheze, ila isichukue nafasi ya kahawa na watu.

Waliosoma wasijione wamepona hapa. Mwalimu mstaafu anayelala mchana kutwa naye anahitaji hatua hii.

Hatua ya 8. Sahani, usingizi, moshi na kichwa

Sahani: mboga za majani kila siku (mchicha, matembele, kisamvu), maharage, kunde au choroko, samaki na dagaa, matunda ya msimu, dona kuliko sembe nyeupe. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, karibu kijiko kimoja cha chai, na humo hesabu viungo vya pakiti na chumvi ya mezani. Vibua vya kupaka si lazima vikaangwe. Mwenye kisukari asifunge Ramadhani kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Sigara aache, umri wowote. Pombe apunguze.

Usingizi: alale na kuamka saa zile zile, kahawa isipite alasiri. Anayekoroma na kukabwa pumzi usiku apelekwe kupimwa.

Moshi: jiko la mkaa litoke nje. Akipanda bodaboda avae helmeti, na bafuni kuwe na kitu cha kushika. Pigo la kichwa nalo limo kwenye yale 14.

Mambo yakikwama

"Anakataa kutoka." Uliza kwanza kama anaona na kusikia, kama magoti yanauma, kama anashindwa kubana mkojo. Hilo la mwisho hatakuambia mtoto wa kiume. Mtume binti au shangazi. Kama hana hamu ya chochote, halali, hali, anasema yeye ni mzigo, hiyo inaweza kuwa sonona. Inatibika, na yenyewe inafanana sana na usahaulifu.

"Anachoka na ratiba." Punguza. Bakiza dawa, matembezi na watu. Mengine yarudi moja moja.

"Jana alikuwa mzima, leo hajui yuko wapi." Huo si uzee. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee mara nyingi kuna chanzo cha mwilini: malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, sukari kushuka, kukaukiwa maji, dawa mpya. Hospitali siku hiyo hiyo. Na kama uso umepinda upande mmoja, mkono hauinuki au maneno hayatoki sawasawa, hicho kinaweza kuwa kiharusi: msisubiri asubuhi, msimpake mafuta, nendeni na muandike saa dalili zilipoanza. Amana, Mwananyamala na Temeke ndizo hospitali za rufaa za mkoa. Ya karibu ndiyo ya kwenda.

"Watu wanasema amerogwa, au yeye ndiye mchawi." Usibishane barazani. Chukua mtu anayeheshimiwa na hao wanaosema, imamu, padri, mwenyekiti wa mtaa, uende naye hospitali pamoja na mzee, asikie daktari akieleza kwa masikio yake. Na mzee asiachwe peke yake na wanaomtuhumu.

"Ndugu hawachangii." Acha kuomba hela kwa ujumla. Mpe kila mmoja kitu chenye jina: huyu analipia vidonge vya presha, yule anampeleka kliniki, aliye Mwanza anampigia simu Jumanne na Ijumaa saa mbili usiku na kumpa habari za ukoo za kukumbuka.

"Miezi 3 imepita na ukurasa mpya ni mbaya kuliko wa kwanza." Kama anapotea njia anayoijua, anasahau jiko linawaka, hawezi tena chenji, anarudia swali ndani ya dakika chache au tabia imebadilika kabisa, mpeleke kwa daktari na daftari, mfuko wa dawa, miwani yake na mtu anayeishi naye kila siku. Ombeni aangaliwe vitu vinavyotibika: upungufu wa damu, vitamini B12, tezi ya shingo, sukari, VVU, kaswende, sonona. Wakati wa maelezo muulizwe wote wawili, yeye kwanza, kisha wewe pembeni, usimsimulie mama yako mbele yake kana kwamba hayupo. Kabla hamjatoka, ulizeni tarehe ya kurudi na iandikwe humo humo kwenye daftari.